Gari Langu Linalala na Ng'ombe

Jumamosi, 12 Oktoba

Theluji imetanda mpaka mtoni. Siwezi kutulia. Nimekaa, nimeinuka, nimekaa tena. Kisa ni jirani yangu Prokopi. Amemaliza maandalizi yote ya majira ya baridi! Madirisha ya pili ya kuzuia baridi keshayatia, nyufa kaziba kwa pamba, kuni kazipanga mpaka kwenye paa. Leo alikuwa uani akilishonea gari lake koti la sufu nzito, injini isigande. Koti! Lina mpaka vifungo. Akaniuliza kwa ile sauti yake tamu, "Bwana Dulustan, la kwako unaanza lini?" Nikamwambia wenye akili hawashoni. Nikaingia ndani upesi kabla hajauliza wanafanya nini.

Wenye akili wanafanya nini?

Jumanne, 15 Oktoba

Nimepata! Nilikuwa namtazama mke wangu Balbaara akikamua. Nje masikio yanataka kukatika kwa baridi. Zizini ng'ombe watatu wanapumua, na joto ni kama la jikoni. Joto la bure! Gari litalala na ng'ombe. Balbaara akasema haliingii mlangoni. Nikamwambia mlango ni kazi ya shoka tu. Akauliza kama nakumbuka binti yetu Tuyaara yuko karibu kujifungua, na hospitali iko mji wa pili. Ndiyo maana hasa! Mwanamke huyu haoni mbali.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimebomoa ukuta. Gari limeingia, limekaa katikati ya ng'ombe kama ndugu yao. Tundu nimeliziba kwa magogo, kisha nikalikandika kwa samadi mbichi, tabaka juu ya tabaka, kama babu zetu walivyokandika nyumba. Upepo haupiti. Prokopi alisimama kwenye uzio, akatazama weee. Akauliza, "Na kutoka je?" Wivu! Nikamjibu ukuta huo ni wa teke moja.

Madirisha ya nyumba: kesho.

Jumapili, 27 Oktoba

Injini inawaka ukiigusa tu! Leo nimeiwasha mara kadhaa kwa raha zangu, mpaka Balbaara akaja kunifukuza. Eti ng'ombe wanakohoa. Eti maziwa yamepungua. Mmoja amekula mpira wa waipa. Mwingine analamba rangi ya mlango. Mambo madogo. Ndani ya nyumba kuna kibaridi, Tuyaara analala na kofia. Madirisha: kesho, nikipata nafasi.

Jumanne, 5 Novemba

Asubuhi Tuyaara kashika kiuno. Uchungu! Nilifurahi, Mungu anisamehe. Siku yangu imefika! Nikakimbilia zizini, gari likawaka papo hapo. Nikatoka nje kuupiga ukuta teke.

Nimevunjika kidole cha mguu.

Samadi imeganda, imekuwa chuma. Shoka linadunda. Sululu inatoa cheche. Balbaara anapiga kelele, "Baba Tuyaara! Mtoto hasubiri ukuta!" Ndani gari linanguruma, ng'ombe wanalia. Nikajikuta na mimi nalia. Tuyaara alikuwa ameshikilia uzio, uso umempauka, hanitazami. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Prokopi aliliendea gari lake. Alifungua vifungo kimoja kimoja, akalivua gari koti. Likakohoa, likakohoa tena, likawaka. Lile koti akamfunika nalo Tuyaara. Mimi nikajibana nyuma na mguu wangu.

Hospitali hatukufika. Mtoto alizaliwa njiani, theluji pande zote, Balbaara akimpokea na Prokopi akitazama mbele bila kugeuka, masikio yamemwiva kwa haya. Wa kiume. Mzima! Analia kuwashinda ng'ombe.

Jumamosi, 9 Novemba

Mtoto kapewa jina. Prokopi. Hakuna aliyeniuliza.

Nimempakata. Alinishika kidole, nikasahau kila kitu, hata mguu. Lakini amani haikudumu, kwa sababu somo wake, Prokopi mkubwa, alikuwa pale pale akitutilia madirisha. Balbaara ndiye aliyemwita! Prokopi alipomaliza akaniambia kwa upole, "Jirani, sufu imebaki. Njoo tushone la kwako, yaishe." Nikamjibu nitafikiria.

Nimefikiria, nikizunguka uani kwa mguu mmoja. Samadi haina kosa. Ukuta hauna kosa. Kosa ni la ng'ombe: wanalipasha gari joto kwa nje, wakati joto linatakiwa ndani ya gari lenyewe! Tuna lile jiko dogo la chuma, limekaa bure. Kuni zipo. Litaenea vizuri kwenye kiti cha nyuma. Shida ni bomba la moshi tu, nalo linahitaji tundu juu.

Balbaara ananiita, anauliza ni kelele gani hizo zizini. Nimeshaanza kutoboa paa la gari.