Kilomita za Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amenipa habari nikiwa na pini nne mdomoni na cherehani inanguruma. Mama yake anakuja kukaa kwetu mwaka. Paa la nyumba yake linabomolewa. Nimetikisa kichwa kama mkwe mwema. Sikuuliza swali. Mtu mwenye pini mdomoni hana maswali.

Mama mkwe ni mtu wa heshima zake. Alikuwa mkaguzi wa shule. Kazi alistaafu, ukaguzi bado. Mara ya mwisho alikaa siku tatu tu. Alisimama sebuleni kwangu, mimi fundi mapazia, akasema pazia moja limepanda upande wa kushoto. Nikapima. Lilikuwa limepanda. Sijamsamehe mpaka leo.

Sasa mwaka.

Mchana nimefungua gazeti la zamani nililofungia vyuma vya mapazia. Kulikuwa na habari ya tarishi mmoja aliyeendesha baiskeli mwaka mzima, kila siku, akaweka rekodi ya nchi. Kilomita elfu hamsini. Alikuwa akiondoka kabla hakujapambazuka, anarudi watu wameshakula na kulala. Wengine wangeona ushujaa. Mimi nimeona mwanamume asiyekaa na wakwe.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kujiandikisha kwenye chama cha waendesha baiskeli. Nimemchukua rafiki yangu Kinyozi, mwenye duka mkabala na langu, anishikie mfuko na kunipa moyo. Ofisi ni chumba nyuma ya duka la vioo. Mwenyekiti ana vikombe saba vya ushindi na kiti kimoja. Amekikalia yeye.

Akaeleza masharti. Kuendesha kila siku, mwaka mzima. Mita ifungwe kwenye gurudumu. Kila jioni shahidi asome mita na kutia sahihi. Shahidi asiwe mtu wa kunipendelea. Nikampendekeza Kinyozi. Mwenyekiti akauliza kama sisi ni marafiki. Nikasema hatuna hata salamu. Kinyozi alikuwa pembeni yangu, na mfuko wangu begani.

Mwenyekiti akafikiri. Akauliza kama katika familia yangu yupo mtu ambaye hajawahi kunisifu hata mara moja.

"Mama mkwe wake," akasema Kinyozi, kabla sijafungua mdomo.

Mwenyekiti aliposikia ni mkaguzi mstaafu, akaandika jina lake hapo hapo na kulipigia mstari. Njiani Kinyozi amesema alitaka kusaidia. Sitanyoa kwake tena. Nitanyoa mara moja, Ijumaa, kwa sababu ya picha ya siku ya kuanza.

Mke wangu alicheka, halafu akaona sicheki. Akauliza nani atashona. Nikasema yeye. Akasema sawa, mikunjo yake imenyooka kuliko yangu hata hivyo. Alisema bila ubaya wowote. Ndiyo maana iliniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe kafika. Begi moja dogo. Nimeshangaa kidogo, kwa mtu wa mwaka. Nikadhani mengine yako nyuma.

Nimemwamkia, nimembebea begi, nimemweleza habari ya rekodi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniangalia kuanzia kichwani, akasimama kwenye tumbo, akashuka mpaka miguuni.

"Kilomita ngapi kwa siku, mwanangu?"

Nikamwambia mia moja thelathini na saba. Akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu, akaijaribu kwenye kiganja. Inaandika.

Jumamosi, 8 Machi

Jana ilikuwa siku ya kwanza. Sitaki kuizungumzia. Baiskeli ni nzito, nchi ina vilima ambavyo ukiwa ndani ya gari huvioni, na siti ilitengenezwa na mtu asiyekaa. Nilifika kituo cha mafuta nje ya mji nikiwa sihisi mapaja. Nilirudi nikiisukuma. Mita: ishirini na tatu. Mama mkwe akaandika ishirini na tatu bila kukunja uso, kama daktari aliyekwishajua.

Leo nimetumia akili. Nimeipeleka baiskeli stoo kwa Kinyozi, nimeigeuza miguu juu, nimechukua mota ya cherehani ya zamani na mkanda wake, nimeifunga kwenye gurudumu la mita. Likazunguka lenyewe, kimya, kwa adabu. Nikamwambia Kinyozi aniamshe saa nane. Nikajilaza kwenye magunia ya taulo.

Kinyozi hakuniamsha. Amesema aliona si vizuri kumsumbua mwanamichezo. Nilipofumbua macho jioni, mita ilisoma mia sita na kumi na nne.

Nikaenda nayo nyumbani. Ningefanya nini? Mama mkwe akaisoma. Akavaa miwani akaisoma tena. Akapitisha kidole kwenye tairi, kikatoka safi. Akaangalia shati langu, bado lina mstari wa pasi.

"Kwa mwendo huu, mwanangu, umevuka mpaka wa nchi na kurudi," akasema. "Pasipoti ulikwenda nayo?"

Nikasema upepo ulikuwa wa nyuma. Akauliza, hata wakati wa kurudi? Akaandika sifuri. Sifuri kubwa, ya duara safi, yenye miaka thelathini ya uzoefu. Kisha akasema kesho atanifuata.

Jumapili, 9 Machi

Amenifuata. Amekodi pikipiki, ya mzee mmoja mpole asiyesema kitu na asiyezidisha mwendo. Kakaa nyuma, upande mmoja, mwavuli wazi, kama malkia anayekagua askari wake. Na askari ni mmoja.

Kutwa nzima nimesikia sauti yake mgongoni. Magoti ndani. Usiniinamishie kichwa. Hiyo njia ya mkato nimeiona, rudi. Nilipolala kwenye majani kando ya barabara nikasema naaga dunia, akamwambia mzee azime pikipiki, mafuta yasipotee bure.

Kilomita hamsini na nane. Halali zote. Nimekula nimesimama.

Nimepiga hesabu nyingine, ya kunisikitisha. Kama ningebaki nyumbani, ningemwona asubuhi, mchana na jioni, tena kwa mapumziko. Sasa ninaye kutwa, bila hata ukuta katikati.

Jumatano, 12 Machi

Nimegundua njia zinachaguliwaje. Mama mkwe anajua kila mwalimu mstaafu wa pande hizi, na wote wametapakaa, kila mmoja kwa umbali unaofaa. Jumatatu ilikuwa kaskazini, kwa mwalimu wa hesabu. Jana kusini, kwa mwalimu mkuu ambaye Mama alimwandikia ripoti mbaya zamani. Leo mabonde matatu, kwa mwalimu wa jiografia, ambaye kwa maoni yangu angeweza kuchagua mahali tambarare.

Kila mlango ukifunguliwa, mwalimu wa watu ananyooka, anafunga vifungo vya shati. Mama mkwe anaingia, anapewa kiti. Kisha ananionyesha kwa mwavuli, nje, ninavyotweta kwenye ukuta.

"Huyo ni mkwe wangu. Anajaribu."

Ndivyo ninavyotambulishwa. Anajaribu.

Na hatutoki mikono mitupu. Kwenye baiskeli nimebeba hadi sasa saa ya ukutani, stuli, na mche wa ndimu ndani ya ndoo. Pikipiki haibebi kitu. Mama amesema mzigo wa pikipiki unaweza kumwangusha mzee.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi mke wangu alikuwa anashona, mimi nafunga kamba za viatu kwa huzuni. Nikasema, kama mtu anayejisemea, kwamba nimeshavumilia wiki, na mwaka una wiki nyingi sana za mama yako.

Akasimamisha cherehani. Akaniuliza mwaka gani.

Nikamwambia huu, aliousema yeye mwenyewe. Mama anakaa mwaka.

"Mpaka," akasema. "Nilisema mpaka. Mama anakaa mpaka paa liishe. Wiki tatu."

Nilisahau ile siti ilivyonifanya, nikakaa chini, nikasimama haraka.

Wiki tatu. Wiki tatu ningezimaliza kwa kikohozi na safari mbili za kununua vitambaa. Mke wangu akauliza, polepole, kwa nini hasa nilianza habari hii ya baiskeli. Nikasema kwa ajili ya nchi. Aliniangalia kwa muda ambao sikuupenda.

Ningeweza kuacha leo hii. Lakini yule Kinyozi amebandika bango kwenye kioo chake: HAPA NDIPO ANAPONYOLEWA BINGWA. Chini yake kila jioni anaandika kwa chaki kilomita nilizobakiza. Watu wanasimama kuzisoma. Anasema wateja wameongezeka. Nikiacha, mtaa mzima utasoma kwenye kioo, tena wakisubiri zamu.

Nimepanda baiskeli. Magharibi, kwa mwalimu wa sayansi kimu.

Jumanne, 18 Machi

Mpango mpya: kuumia. Bingwa aliyeumia anapewa pole, hachekwi. Nimeamka nachechemea. Mama mkwe akaniambia nikae, akabonyeza goti la kushoto. Nikalia. Akabonyeza la kulia. Nikalia pia, nilishasahau ni lipi. Akanipa viatu vyangu.

Mchana mvua ikatukuta mbali, na pancha juu yake. Tukajibanza kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Mzee wa pikipiki akasinzia. Nikautoa mpira, naziba, mvua inanipiga mgongoni. Baadaye nikaona hainipigi tena. Mama mkwe alikuwa amesogea, kasimama nje ya kibaraza, kanifunika kwa mwavuli. Bega lake moja linalowa.

Nikamwambia aingie ndani, Mama, utaumwa. Akasema nizibe vizuri, pembeni kunapumua.

Halafu akaanza kuongea, si kwangu hasa, kwa mvua. Akasema kwake ikifika saa kumi hakuna sauti ila redio. Redio unaiuliza kitu, haikujibu. Tangu mzee wake afariki amezoea kupanga sahani moja, lakini mkono wakati mwingine unachukua mbili.

"Hizi siku zangu za kupanda pikipiki," akasema, "sikulala mchana hata mara moja. Zamani nilikuwa nalala ili mchana uishe."

Nikasema pancha imeshika. Nilihisi kitu kifuani. Nadhani ni kile kilima tulichopanda asubuhi.

Ijumaa, 21 Machi

Mia moja na nne. Kwa siku moja, kwa miguu yangu, bila mota. Bado hazijafika zinazotakiwa, na nikijumlisha nilizokosa tangu mwanzo, nimeachwa nyuma na tarishi aliyekwishakufa. Lakini mia moja na nne.

Mama mkwe akasoma mita, akaandika, akatia sahihi. Kisha, pembeni, kwa kalamu nyekundu: Vizuri.

Nimeurudia ukurasa huo mara kadhaa. Nilikuwa nahakiki maandishi.

Jumatano, 26 Machi

Paa limekwisha. Mama mkwe kaondoka asubuhi, na saa, na stuli, na mche wa ndimu. Begi nimemfungia mimi. Akaniambia nisikae na mgongo wa kupinda. Pale stendi nilimtafutia kiti cha dirishani. Basi likachelewa kuondoka, nikabaki nimesimama chini ya dirisha, tunaangaliana. Mwishowe akasema pazia la sebuleni sasa limekaa sawa. Mke wangu ndiye aliyelirekebisha. Nikasema asante.

Mwenyekiti amekataa kabisa kumpokea Kinyozi kuwa shahidi. Kwa hiyo rekodi imekufa, na haikufia mikononi mwangu. Imekufa kwa kukosa shahidi. Nimezunguka mtaani na uso wa msiba, nimepewa pole tele. Kinyozi amefuta kioo kwa kitambaa cha maji, hana raha. Nimerudi dukani. Mke wangu amenionyesha kazi alizokamilisha. Ni nyingi. Amenipa za kubana pindo.

Nimeona mwisho mwema. Nimejifunza kumsikiliza mke wangu, kutodanganya, na kutojitia katika mambo nisiyoyaweza. Naandika haya nikiwa na akili timamu.

Jumamosi, 29 Machi

Nyumba kimya. Mke wangu anashona huku anaimba, raha mustarehe. Nimebana pindo mbili, zote zimepanda. Hakuna aliyesema kitu.

Nikatoka kunyoosha miguu. Nikajikuta nyuma ya duka la vioo. Imekuwa bahati, maana yule mwenyekiti ni mwenyekiti pia wa chama cha watembea kwa miguu. Chumba kile kile, kiti kile kile, kibao tofauti mlangoni. Ipo rekodi ya mwaka mzima ya kutembea. Hakuna pancha. Hakuna siti, jambo la maana kuliko yote. Nimefikiri kwa utulivu nikaona wazi kwamba kosa halikuwa langu. Tatizo lilikuwa baiskeli.

Nimejiandikisha.

Shahidi anahitajika, masharti ni yale yale. Nimempigia simu mama mkwe, kwa sababu ya masharti tu. Aliposikia, akasema nisubiri, nikasikia anatafuta kalamu. Akauliza kwa muda gani. Nikamwambia mwaka. Halafu akasema funguo atamwachia jirani, na anajua walimu wengine wengi ambao hatujawafikia, ila ni mbali kwa miguu, nianze kula vizuri.

Anafika kesho kutwa.

Mke wangu sijamwambia. Nimeona nisimharibie wimbo. Jumatatu mabegi yatamweleza.