Tishu kwenye Kiti cha Mbele

Ijumaa, 19 Oktoba

Wameshatua! Wanawake wanane walio bora kuliko wote kwenye tenisi, wote hapa kwetu Singapuri, wamekuja kufunga msimu. Na ndiyo mara ya mwisho. Mwakani mashindano yanahamishiwa nchi nyingine.

Mke wangu Siew Hoon hali, hanywi. Anatazama picha zao gazetini mpaka kahawa inapoa. Alicheza tenisi akiwa msichana, goti likamkatalia. Tangu hapo ana ndoto moja: akae karibu na uwanja mpaka amsikie mchezaji akihema.

Jana nikamwahidi. Mbele ya mdogo wake, Boon Teck! Fainali utakaa kiti cha mbele, nikasema, huku nikijipiga kifua. Ulimi hauna mfupa. Tiketi nilizonazo ni za juu kabisa, jirani na paa, na Siew Hoon hajaziona.

Boon Teck akatabasamu. Eti bosi wake kampa viti viwili vya mbele, na dada akichoka kusubiri miujiza ya mumewe, kimoja ni chake. Shemeji gani huyu! Afadhali jino bovu.

Jumatatu, 22 Oktoba

Tumeangalia kwenye televisheni. Kosteva, kipenzi cha mke wangu, kachapwa vibaya. Nikampa pole, nikasema basi, huyo anafunga mizigo. Siew Hoon akanicheka. Akanieleza kwamba haya si kama mashindano mengine: wako makundi mawili, wanne wanne, na aliyeshindwa leo keshokutwa anacheza tena. Pengine hata kombe akalibeba.

Nikajilaza na maneno hayo. Kushindwa bila kutolewa! Mbona maisha hayakupangwa hivyo? Nikajiona nami nimo uwanjani, nimevaa nyeupe, mpira unanijia polepole kama chungwa linaloelea majini, na watu wote kimya, wananingoja mimi. Nikainua raketi. Siew Hoon akaniamsha: nilikuwa nimeangusha taa.

Jumatano, 24 Oktoba

Mpango wa kwanza! Mimi fundi wa viyoyozi. Nani atamzuia fundi? Nikavaa ovaroli, nikabeba sanduku la vifaa, huyoo, mlango wa nyuma wa uwanja. Niingie, nifanye urafiki na wenye kugawa viti.

Mlinzi aliponiona nusura anikumbatie. Akasema wamenisubiri tangu asubuhi. Akanivuta mpaka chumba cha taulo, kiyoyozi kinatiririsha maji kama bomba lililopasuka. Fundi wao hakutokea. Ningesemaje?

Nimetengeneza mpaka jioni. Ukuta mmoja tu kati yangu na mchezo. Nilisikia mpira: pu... pu... pu... kisha kimya, kisha watu wote wakishusha pumzi kwa pamoja. Nikasahau bisibisi mkononi. Nilitamani Siew Hoon angekuwa pale, sikio ukutani. Mlinzi akanipa chupa ya maji na shukrani nyingi. Kiti? Hola.

Ijumaa, 26 Oktoba

Boon Teck katualika laksa, tambi za supu ya nazi, apate tu kutuonyesha tiketi zake. Kwenye vibanda vya chakula pamefurika, pa kukaa hakuna. Isipokuwa meza moja, tupu kabisa, na pakiti ya tishu katikati. Tukaipita, mabakuli yanatuunguza vidole, kama kila mtu alivyoipita. Hata Boon Teck na mdomo wake wote! Hapa kwetu aliyeweka tishu kawahi kiti, kwisha maneno. Anayekaa hapo hakulelewa.

Nikasimama ghafla katikati ya watu. Supu ikanimwagikia kiatuni. Kiti si kiti tu, popote kilipo?

Nyumbani nina katoni nzima ya tishu nilizochapisha kutangaza kazi yangu. Zina picha yangu nikitabasamu, na maneno: QUEK KIM HOCK, BARIDI YA UHAKIKA.

Jumamosi, 27 Oktoba

Kosteva kaingia fainali! Yule yule wa Jumatatu!

Boon Teck kapiga simu, anataka jibu la dada yake. Nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni, nikasikiliza. Siew Hoon akamwambia, "Ahsante mdogo wangu, lakini nina mume, na mume kaniahidi."

Angenidharau ningevumilia, nimezoea. Kuniamini huku kumenimaliza kabisa. Nikachagua pakiti mbili zisizo na mikunjo.

Jumapili, 28 Oktoba

Milango ilipofunguliwa nikashuka mpaka chini, najifanya napiga picha. Viti viwili vitupu, nyuma tu ya benchi la wachezaji. Pakiti hapa, pakiti pale. Kisha nikampandisha Siew Hoon juu, nikimwambia tusubiri kidogo watu watulie. Tulipomaliza ngazi za pili akaniuliza kama hiyo mbele niliyomwahidi iko mbinguni.

Kule juu kuna ukimya wake. Uwanja ulikuwa mdogo, wa zambarau, unaelea gizani kama leso iliyodondoka majini. Siew Hoon akanishika mkono. Nusura nisahau njama yangu. Kisha akachukua darubini.

"We mzee, si Boon Teck yule? Mbona kasimama?"

Mama yangu! Vilikuwa viti vyake! Kaganda kwenye ngazi, anatazama tiketi, anatazama tishu, anatazama tiketi. Simu ya Siew Hoon ikalia. Boon Teck akalalamika kwamba kuna mtu kawahi viti vyake. Dada yake akamwambia akae, tiketi si anazo? Nikamsikia akinong'ona, karibu kulia: "Lakini dada, kuna tishu!"

Kosteva akapoteza seti ya kwanza. Akarudi benchi analia, pua inachuruzika, taulo limelowa chapachapa. Akageuka, akaona pakiti nyuma yake, akaichukua. Kile kiti kikawa hakina mwenyewe tena, na Boon Teck akakirukia. Cha pili hakukigusa.

Na kamera? Kamera zilimfuata Kosteva. Kwenye skrini kubwa nikatokea mimi, ukubwa wa nyumba, natabasamu huku yeye anafuta machozi. BARIDI YA UHAKIKA.

Siew Hoon akashusha darubini. Akatazama skrini. Akanitazama mimi. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze, ila ardhi ilikuwa mbali sana. Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akaniegemea bega. Kisha akauliza kiti kile kilichobaki nilimwekea nani. Wewe, nikasema.

Akasimama, akaniachia darubini, na goti lake hilo hilo, akateremka. Nilimwona akichukua tishu na kukaa. Boon Teck akampa tiketi.

Kosteva akashinda seti ya pili. Ya tatu sikuiona, darubini niliielekeza kwa mke wangu tu. Kafumba macho, kainamisha kichwa. Anasikiliza. Kosteva alipoinua kombe, Siew Hoon akageuka kunitafuta huku juu, akanipungia mkono upande ambao sikuwepo. Nikampungia hivyo hivyo.

Jumatatu, 29 Oktoba

Siew Hoon anaimba jikoni. Anasema Kosteva anahema kama mtu anayepuliza chai ya moto. Kaniomba mambo mawili tu: nisiahidi tena nisichonacho, na tishu zibaki mezani kwenye chakula. Nikaapa, mkono kifuani.

Mchana nikajilaza, nikawaza. Huko mashindano yanakohamia, watu wanaheshimu tishu? Wataheshimu. Watu ni watu. Nikamwita Siew Hoon, nikamwahidi kiti cha mbele, mwakani, ng'ambo. Katoni mbili nimeshaagiza, safari hii picha yangu ni ya rangi.

Boon Teck anatangaza kote kwamba nimeaibika mbele ya dunia nzima. Masikini shemeji, hajui tenisi. Hiyo ilikuwa mechi ya makundi tu.