Supu ya Bi Senga na Chumba cha Juu

Jumanne, 4 Machi

Chapati za maji katika ukumbi wa kanisa, kama kila mwaka siku moja kabla ya Kwaresima. Binti yangu Iona amelamba sukari kwenye sahani za watu wasiotuhusu. Mdogo wake Lachlan amelia, amenyonya, amelia tena.

Nilikuwa bado na kikaango mkononi Bi Senga Dalgleish, msimamizi wa jiko la kanisa, aliponijia. Chakula cha mchana cha Kwaresima, yaani supu, mkate na jibini, mwaka huu kinahamia Alhamisi, kwa sababu Ijumaa ukumbi umechukuliwa na watu wa densi. Na kwa kuwa karoti hazijimenyi, ukumbi utahitajika tangu asubuhi. Kwa hiyo kikundi changu cha watoto wadogo, cha Alhamisi asubuhi, kitapanda chumba cha juu. Mpaka Pasaka.

Chumba cha juu. Ngazi zimepinda kama utumbo. Hakuna pa kuweka kigari cha mtoto. Bomba la joto lilikufa zamani za mchungaji aliyepita. Majoho ya kwaya yananuka ukungu. Nilimweleza haya kwa heshima zote. Akasema mitume nao walipanda chumba cha juu na hakuna aliyeuliza kuhusu joto.

Nikamwambia sawa, Bi Senga, hakuna shida.

Shida ipo. Mume wangu Struan anaondoka na lori la maziwa kabla hakujapambazuka na kurudi akiwa amekwisha. Alhamisi asubuhi ndio wakati pekee katika wiki nzima ambapo kuna mtu wa kunishikia mtoto, nami nikanywa chai ikiwa bado moto, nikazungumza na mtu mwenye meno yote. Wenzangu vilevile. Tukiukosa mpaka Pasaka sijui nitafikaje hiyo Pasaka.

Jumatano, 5 Machi

Ibada ya majivu. Ni mara ya kwanza hapa kwetu, wazo la Mchungaji Rhona. Watu wamepanga foleni kwa wasiwasi, kama wanaokwenda kuchomwa sindano. Mzee Farquhar Gillanders hakuinuka. Alikunja mikono na kusema, kwa sauti ya mtu anayejua kanisa lina mwangwi, kwamba yeye uso wake aliunawa nyumbani.

Hapo nikapata wazo.

Mzee Gillanders haitambui Kwaresima. Anasema babu zetu wa Uskoti waliitupa nje kwa mlango wa mbele, na sasa inarudishwa kwa mlango wa nyuma pamoja na sufuria. Naye ni mzee wa kanisa anayesimamia mtaa wetu. Keshokutwa anakuja kutuletea kadi za kutualika kwenye Meza ya Bwana.

Kwaresima ikiondoka, supu inaondoka. Supu ikiondoka, tunashuka. Rahisi kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kwanza huko juu. Watoto wamecheza wakiwa na makoti. Chai imekatazwa kwa sababu ya ngazi. Mama mmoja alifika na mapacha, akazitazama zile ngazi, akageuza kigari, akarudi nyumbani. Nilimwona dirishani akiondoka kwenye mvua. Picha yake imeniganda.

Harufu ya supu ilitupandia asubuhi nzima. Tuliposhuka, Bi Senga akauliza mbona mapema, au chumba hakina raha? Wenzake wa karoti wakacheka. Nikacheka nao. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee Gillanders amekuja. Nilioka skonzi. Nilimvika Iona gauni la kanisani, naye akamwonyesha mzee tumbo lake.

Nilianza kwa unyenyekevu. Nikasema mimi sina elimu kubwa, ni mama tu, ila swali linaninyima usingizi: ni nini hasa Maandiko yanaamuru kifanyike katika ukumbi wa Bwana siku ya Alhamisi? Nililipanga swali hilo wakati naosha chupa. Sikutaja supu. Nilimwachia aifikie mwenyewe.

Akaifikia. Aliweka kikombe chini. Akasema baba yake alikwenda kazini hata siku ya Krismasi, maana nayo haikuamriwa, na mama yake angeona majivu kanisani angeleta ufagio. Akasema, binti, swali lako ni la dhahabu. Kikao cha wazee ni Jumanne ya tarehe kumi na nane. Atasimama, atahoji, na kila kisicho na msingi katika Maandiko kitatoka.

Kila kitu? nikauliza. Kila kitu, akasema.

Nikamwongezea siagi.

Jumapili, 9 Machi

Mchungaji Rhona alinikamata mlangoni baada ya ibada. Ana namna ya kushika mkono wa mtu kwa mikono yake yote miwili, mtu hawezi kukimbia. Akaniomba niseme maneno machache kwenye supu, Alhamisi ya tarehe ishirini, kuhusu Kwaresima katika maisha ya mama mwenye watoto wadogo. Amesikia kutoka kwa Mzee Gillanders kwamba siku hizi nina maswali mazito ya kiroho.

Nilisema nitafurahi sana.

Sasa niko pande zote mbili. Nimemweleza Struan, akacheka mpaka kiazi kikampalia. Akauliza, mama, na wewe Kwaresima hii umeacha nini? Nikamwambia nimeacha kulala. Akasema huko uliacha Oktoba, Lachlan alipozaliwa.

Jumatano, 12 Machi

Sikuwa na imani na mzee peke yake. Nimeongeza mpango wa pili.

Nimekwenda kwa Bi Senga kujitolea kumenya karoti. Katika sufuria kubwa ya dengu kulikuwa na kifundo cha mguu wa nguruwe, kimekaa katikati kama mwenye nyumba. Nikauliza kwa sauti laini: Bi Senga, hivi nyama na Kwaresima vinakwenda pamoja? Maana Wakatoliki wa kule mwisho wa barabara...

Akasema wao ni Ijumaa na ni Wakatoliki. Hii ni Alhamisi. Na supu ya dengu bila kifundo ni maji yaliyopata ajali.

Nikaona sawa. Nikalirudia swali langu dukani. Na posta. Na kwa mtu aliyekuwa akitembeza mbwa. Kufikia jioni watu wawili walikuwa hawasalimiani.

Watu wakigoma kula, supu imekwisha. Moyo unanidunda. Nadhani ni furaha.

Alhamisi, 13 Machi

Hawakugoma. Wamekuja wote, mpaka wasioonekana kanisani tangu harusi zao, ili waone nani anakula na nani hali. Wote wamekula. Sufuria imekwanguliwa. Bi Senga ametangaza kwamba haijapata kutokea, na wiki ijayo zitapikwa sufuria mbili.

Tulitumiwa ujumbe huku juu tunyamaze wakati wa sala ya chakula. Tulinyamaza. Iona aliimba wimbo wa bata ndani ya lile bomba la joto, ukashuka mpaka chini. Nasikia baadhi yao walisema amina.

Jumanne, 18 Machi

Kikao ni leo. Nimeosha chupa ambazo ni safi. Nimefua shuka ambayo ni safi. Lachlan ananitazama kwa mashaka.

Jumatano, 19 Machi

Mzee Gillanders amekuja mwenyewe kunipa habari, uso umemng'aa. Nikajua tumeshinda. Nikawasha birika.

Akasema alisimama na kuuliza, supu hii imeandikwa wapi? Mchungaji Rhona akamjibu kwa utulivu kwamba kulisha watu kumeandikwa karibu kila ukurasa. Maelfu walilishwa pale nyikani, na hakuna aliyewauliza ni msimu gani. Mzee akafikiri. Yeye ni mtu wa haki. Akakubali: supu inasimama.

Nikashika ukingo wa meza.

Lakini, akasema, mtu wa haki hupima vyote kwa mzani mmoja. Akaendelea na mengine ya siku ya Alhamisi. Kikundi cha watoto wadogo. Amepekua kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo. Mikeka ya kuchezea, hakuna. Mtelezo wa plastiki, hakuna. Wazee walikuwa wamechoka na wanataka kwenda nyumbani, wakapitisha: kikundi kisitishwe, hata huko chumba cha juu, mpaka kiongozi wake aeleze kina kazi gani katika kanisa.

Akaniambia, binti, nimelitumia swali lako neno kwa neno.

Nikamuuliza kama anajua kiongozi wa kikundi ni nani. Akasema hapana, mama mmoja hivi, bila shaka mtu mwema. Nikamwambia ni mimi. Akaigeuza kofia yake mikononi. Kisha akasema hata hivyo swali lilikuwa zuri.

Nilimmiminia chai. Alipoondoka nilikaa sakafuni pamoja na watoto, nikalia kidogo. Iona akanifuta kwa soksi.

Alhamisi, 20 Machi

Leo hakuna kikundi, lakini nilikuwa nimeahidi kusema, na mimi nikiahidi nasema. Wenzangu hawakuwa na pa kwenda, wakaja kwenye supu na watoto wao wote. Yule wa mapacha pia. Kigari chake kilikaa mlangoni, palepale Bi Senga anapopitishia mikate.

Nilikuwa na karatasi. Lachlan aliitapikia nilipokuwa nasimama.

Basi nikasema bila karatasi. Nikasema sijui kufunga. Nikasema tangu huyu azaliwe sijala chochote kikiwa moto, sijamaliza sentensi, na mambo niliyoyaacha hakuna aliyeniomba niyaache. Nikasema kuna siku naogopa kubaki peke yangu na wanangu, si kwa sababu siwapendi, ila nawapenda na mikono ni miwili tu. Na Alhamisi, katika ukumbi huu wenye joto, hofu hiyo huniachia. Nikasema kama hiyo si kazi ya kanisa, basi mniambie kazi ya kanisa ni ipi, nami nitakwenda kuifanya.

Nikakaa. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Bi Senga akaja akiwa amevaa aproni yake, akamchukua Lachlan mikononi mwangu bila kuomba ruhusa. Akaweka bakuli mbele yangu. Akasema, kula mwanangu, kabla haijapoa.

Upande wa pili wa meza Mzee Gillanders alikuwa anamkatia Iona mkate vipande vidogo. Akasema, kama anajisemea, kwamba alitafuta neno kikundi, hakutafuta neno watoto. Wao wametajwa. Tena waliachwa waje.

Supu ilikuwa ya moto. Kifundo na vyote. Nilikula bakuli mbili.

Jumapili, 23 Machi

Wazee walikutana kwa muda mfupi baada ya ibada. Kikundi kinarudi ukumbini, pamoja na supu. Akina mama tutamenya karoti, wenye karoti watashika watoto. Mzee Gillanders ndiye aliyetoa hoja. Mchungaji Rhona alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na safari hii sikutaka kukimbia.

Nimepata yote niliyoyataka, kwa ukweli mtupu, bila hila. Ningesema hivyo tangu mwanzo ningejiokolea usumbufu. Nitakumbuka.

Alhamisi, 27 Machi

Asubuhi njema. Chai ya moto. Bi Senga anamwita Lachlan mume wake.

Ila jambo moja. Mpiga kinanda ameanza kufanya mazoezi ya nyimbo za Pasaka ukumbini, kwa sababu kanisani vidole vinamganda. Anaanza palepale Lachlan anaposinzia. Leo kamwamsha mara tatu, na tulikuwa bado hatujafika ubeti wa pili.

Ningeweza kumwomba tu mpiga kinanda abadilishe saa. Lakini nimesikia kwamba babu yake Mzee Gillanders aliwahi kutoka kanisani kwa hasira siku kinanda kilipoingizwa, na hakurudi mwaka mzima.

Kesho mzee anakuja kunywa chai. Nitamuuliza kwa nia njema kabisa, kama mtu anayetaka kujifunza, ni nini hasa kimeandikwa kuhusu kelele. Nimelipima swali pande zote. Haliwezi kunigeukia.