Ombi la Kusawazisha Mlima Kabla ya Harusi ya Diana

Ndugu Mwenyekiti Nathanaeli,

Kwanza pole na majukumu ya kijiji. Mimi sijambo, mke wangu Ruthi hajambo, ila gari langu linaumwa, na kwa heshima zote naona aliyeliumiza ni serikali yako.

Gari lenyewe unalijua: otomatiki, kuukuu, limenifikia likiwa limeshachosha watu wengine. Jumamosi binti yangu Diana anaolewa, nami nilijigamba mbele ya wakwe wa Kisiwani kwamba atafika kanisani kwa gari la baba yake, siyo kwa bodaboda akiwa ameikunja shela mapajani. Sasa nikiweka gia, gari linawaza kwanza. Nikikanyaga mafuta, injini inapiga kelele na magurudumu yametulia kana kwamba hayahusiki. Fundi Hamidu wa Same mjini kaniambia kwa simu kwamba huenda oili ya gia imepungua. Akasema niipime injini ikiwa inaunguruma na imepata moto, gari likiwa limesimama tambarare. Tambarare! Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

1. Kijiji chako hakina tambarare. Gari likitazama mlimani, stiki ya kupimia inasema oili imejaa hadi kero. Vijana wakinisaidia kuligeuza litazame bondeni, stiki inatoka kavu. Ruthi anaamini jibu la kwanza, mimi naamini la pili, na siku hizi chakula cha jioni tunakula kimya kimya.

2. Uwanja wa mpira nao ni uwanja kwa jina tu. Timu inayoshambulia kuelekea bondeni hushinda daima. Nilipima pale nikapata jibu la tatu.

3. Mahali pekee palipolala sawasawa hapa kwetu ni makaburi yaliyosakafiwa. Nilipoomba kwa adabu kabisa niegeshe kidogo tu juu ya marehemu babu yako, ulinitoa mbio na fimbo. Nauliza tu, Mwenyekiti: kwa nini mtu aishi ameinama maisha yake yote, godoro likimteleza usiku kucha, halafu apewe tambarare siku ambayo hana tena cha kupima?

4. Msaragambo, hii kazi yetu ya pamoja. Tumeitwa kuchimba mfereji, tumeitwa kujenga shule, tumeitwa hata kuchimba choo cha ofisi yako. Baragumu likilia natoka na jembe langu, hata nikiwa na mafua. Lakini msaragambo wa oili ya gia sijausikia. Huu ni ubaguzi.

Kwa hiyo naomba baragumu lipigwe kesho asubuhi, wananchi wote wachimbe sehemu ya kutosha gari moja. Wakishapata moto wa kazi wasikae bure: waendelee na barabara yote, kisha na mlima wenyewe, mpaka tuwe usawa mmoja na Same. Msitu wa Shengena usikatwe, maana mvua tunaihitaji. Ushushwe polepole ukiwa na miti yake. Udongo utakaobaki wapelekewe watu wa Kwakoa kule tambarare, nao wapate cha kuringia.

Najua wapo watakaosema bovu ni gari. Waulize mbona liliishi salama Japani, likaishi salama Dar es Salaam, likaja kuugua lilipofika kwako.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote, na yule mtendaji anayecheka kila nikipita nikisukumwa. Nimeshanoa jembe.

Wako katika ujenzi wa taifa, upande wa mteremkoni,
Melkizedeki Kajiru

NB: Tafadhali sana, simamisha kila kitu! Mtu asiuguse huo mlima hata kwa kijiko. Nilipokuwa natafuta bahasha, Diana ameingia garini, akawasha injini, akaweka nyutro, akaachia hendibreki. Gari limeshuka lenyewe taratibu hadi kona ya kwanza, breki zikishika vizuri, bila kuuliza habari za gia wala oili. Vijana wamelisukuma kulirudisha. Kumbe toka hapo konani hadi mlangoni pa kanisa ni mteremko mtupu! Ruthi ananiuliza baada ya harusi litapandaje. Nimemjibu kwamba anayepanda gari ni Diana, na Diana harudi, sisi wawili tutatembea. Nilisema kwa utani, Mwenyekiti, kisha nikaingia garini peke yangu nikalia.