Rufaa ya Hisabati

Jumatatu, 3 Agosti

Matokeo yametoka! Nilikuwa kwenye duka langu la dobi napiga pasi shati la mteja wangu Mhadhiri, Kitinda akaingia mbio, simu mkononi. Huyu ndiye mtoto wangu wa mwisho. Wakubwa zake wote wameshaondoka, kila mmoja na maisha yake. Biolojia A. Kemia B. Fizikia C. Hisabati D. Nikamkumbatia, nikaruka, nikasahau pasi. Shati la Mhadhiri sasa lina dirisha mgongoni.

Hapa naandika peke yangu, kwa hiyo niseme ukweli. Iliyonirusha ni ile D. Kitinda anataka udaktari wa mifugo, na udaktari wa mifugo unafundishwa Chuo cha Mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Kwa D hiyo, nikajua mlango umefungwa. Chuo cha Jirani kiko ng'ambo ya barabara. Kina uhasibu. Mtoto anavuka, anasoma, anarudi kula.

Yeye alilia. Nikamwambia uhasibu ni kazi safi, hakuna mhasibu aliyewahi kupigwa teke na hesabu. Hakucheka. Mama Watoto, mke wangu na mpelelezi wangu, akaniangalia kwa jicho la pembeni.

Jumanne, 4 Agosti

Mpango wa kwanza. Mhadhiri anafundisha Chuo cha Jirani, na mtoto humsikiliza zaidi kuliko mimi. Alipokuja kuchukua shati, nikamwomba amsomee Kitinda matokeo yake, halafu nikamkonyeza ili ajue pa kumwelekeza. Akaniuliza kama jicho linaniuma.

Akaketi na mtoto kwenye benchi la wateja, akamweleza kwa utulivu. Matokeo hayasomwi kwa jumla, yanasomwa kozi kwa kozi, kwa sababu kila kozi ina masomo yake inayoyatazama. Mifugo wanatazama kwanza Biolojia na Kemia, na hapo yuko vizuri sana. D ya Hisabati haimfungii mlango, ila itabidi aanze na mwaka wa maandalizi. Mwaka huo unaweza kusomwa hata hapa Chuo cha Jirani, lakini unaanza mwakani. Uhasibu je, nikadakia. Ah, uhasibu hapana! Uhasibu unataka Hisabati C kwenda juu.

Kitinda akafuta machozi. Mimi nikakaa kwenye kapu la nguo chafu. Kumbe D haimzuii kwenda mbali. Inamzuia kubaki!

Mhadhiri alipoliona shati lake alisema si neno, atavaa koti juu. Watu wapole kama hawa ndio wanaoniharibia mipango.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimepata dawa. Rufaa! Baraza la mitihani linaruhusu karatasi isahihishwe upya. Hisabati ikipanda hadi C, uhasibu unafunguka na mtoto anabaki. Mwaka mmoja wa maandalizi hapa jirani haunitoshi. Mimi nataka miaka yote.

Nikaenda shuleni kwake. Mwalimu mkuu akanitahadharisha kwamba rufaa nyingi hurudi vilevile. Kitinda mwenyewe akasema nisijisumbue, siku ile alitoka kwenye chumba cha mtihani akijua ameharibu. Nikamjibu kwa sauti nzito kwamba mimi baba yake namwamini. Nilikuwa nawaza uhasibu. Yeye akaenda nyuma na kufua mashuka yote ya nyumba ya wageni bila kuambiwa. Sikujisikia vizuri.

Jumamosi, 15 Agosti

Fundi Cherehani, adui yangu wa mlango wa pili, ana mtoto aliyepata Hisabati B. Ametangaza mpaka watu wamechoka. Leo kaja kuniambia kijana wake amechagua uhasibu, Chuo cha Jirani, atalala nyumbani. Chai ikanishinda kwa wivu.

Cha ajabu, uso wake ulikuwa umekunjamana. Akalalamika kwamba atagombania rimoti na jitu zima kwa miaka mingine yote hiyo. Akasema mimi nina bahati, wangu anatamani kwenda mbali. Nikamjibu kwamba familia yetu ina upeo mpana. Alipoondoka nilijiunguza kidole kwa pasi.

Jumatano, 26 Agosti

Imepanda! C! Kuna ukurasa mzima ambao haukujumlishwa. Nilicheza mbele ya wateja. Nikamtangazia Fundi Cherehani, nikaanza kumwelezea Kitinda uzuri wa uhasibu.

Mhadhiri alikuwa amefuata suruali zake. Akampa mtoto mkono, akampongeza, akasema sasa mwaka wa maandalizi hauhitajiki. Kwa C hiyo anaingia udaktari wa mifugo moja kwa moja. Masomo yanaanza mwezi ujao.

Mwezi ujao! Nilikuwa na mwaka mzima mkononi na nimelipa ada ya rufaa ili ninyang'anywe. Mama Watoto alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa ameshajua. Huwa ameshajua.

Alhamisi, 27 Agosti

Leo ni siku ya kutuma maombi. Dukani kulikuwa na kazi nyingi, Kitinda akabaki na pasi, akanituma mimi kwenye duka la kompyuta. Chaguo la kwanza, mifugo, Chuo cha Mbali. La pili, uhasibu, Chuo cha Jirani, na hilo aliliweka kwa kunihurumia. Nikamwambia mwenye duka ayageuze. La pili liwe la kwanza. Akageuza. Kazi ya kufumba na kufumbua!

Halafu mtambo ukataka namba ya siri, na namba ilitumwa kwenye simu ya mtoto. Kabla sijatunga uongo, akanipigia mwenyewe. Akanisomea namba, akarudia taratibu ili nisikosee. Hakuuliza kitu. Akasema tu, Baba hujala tangu asubuhi, ukimaliza rudi ule.

Nilikaa pale mpaka mwenye duka akaanza kukohoa. Nikamwambia arudishe kama yalivyokuwa. Akanuna. Nisijisifu, haukuwa wema. Mdomo ulikataa kumsomea ile namba.

Jumapili, 6 Septemba

Chuo cha Mbali kimempokea, na leo ameondoka. Kwenye kituo cha basi, mbele ya mama yake, mbele ya Fundi Cherehani aliyekuja kubeba begi bila kuombwa, Kitinda alinishika mikono yote miwili. Akasema hata yeye mwenyewe hakujiamini kwenye ile Hisabati. Walimu wake nao hawakumwamini. Ni Baba peke yake.

Nilitakiwa nimwambie ukweli. Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama amebeba sabuni. Basi likaondoka, nikapunga mkono hata kwa basi lililofuata, ambalo halikuwa lake. Naona aibu, na najivunia mtoto huyu, vyote kwa pamoja, na sijui niviweke wapi.

Nyumbani hapakukalika. Nikafungua duka Jumapili na kupiga pasi sketi yake ya shule. Hakuna atakayeivaa.

Jumanne, 8 Septemba

Nyumba imepoa. Nimetafakari sana, na nimeamua kuachana na mipango. Mtoto amekua. Aachwe ajitafutie njia yake, baba abaki na pasi zake. Mama Watoto ameipokea kauli hiyo kwa jicho la pembeni.

Kwa nia njema kabisa, leo nimemuuliza Mhadhiri kama Chuo cha Mbali hupokea watu wazima. Hupokea! Kuna mtihani wa kujiunga. Kuna mabweni. Ila mtihani una Hisabati, na mimi shule niliachana nayo kwenye hesabu za sehemu.

Jioni nikampigia Kitinda. Nikamwambia kuna mteja wangu, mtu wa makamo, anahangaika na Hisabati na anaona haya kuuliza, kwa hiyo anifundishe mimi, nami nitamfundisha yeye. Akakubali papo hapo. Akaanza na kujumlisha nusu na robo. Akaeleza polepole, kwa uvumilivu, akaniuliza kama mteja ataelewa. Nikasema hapana, arudie. Akarudia. Nikasema bado. Akacheka, akarudia tena.

Nilikuwa nimeelewa mara ya kwanza. Kesho pia sitaelewa.