Kitone Chekundu Chini ya Mausi

Tangazo la mashindano ya gemu lilipobandikwa kwenye ukuta wa jengo la maduka, watu walilisoma wakaenda zao. Dokta alilisoma, akarudi nyuma, akalisoma tena, kisha akalipapasa kwa vidole kama mtu anayechagua kitambaa cha suti. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, mwenye ukumbi wa gemu alikuwa ameandika kwamba anatafuta mausi mpya za kompyuta zake zote kabla ya siku ya mashindano.

"Zote," Dokta akanong'ona. Neno lilimjaa mdomoni kama tonge.

Dokta hakuwa daktari wa kitu chochote chenye damu. Alikuwa daktari wa mausi za kuchezea gemu, na cheo hicho alijipa mwenyewe asubuhi moja akinyoa ndevu, akakipenda, akakiandika mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa wa kibanda kilichobanwa chini ya ngazi za jengo hilo, mahali ambapo mtu mrefu akisimama bila kufikiri anaondoka na nundu. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta, kabati la kioo lenye taa za rangi, na futi ya fundi cherehani. Hiyo futi ndiyo iliyomweka mjini.

Mteja akiingia kuulizia mausi, Dokta hakumwonyesha mausi. Alimwomba mkono. Aliupima kutoka kwenye kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, akauzungushia futi, akaguna.

"Unashikaje mausi, kaka? Kwa kiganja kizima, kwa vidole vilivyokunjwa, au kwa ncha tu?"

"Mimi naishika tu, Dokta."

"Naishika tu," Dokta alirudia kwa huzuni, kama aliyeletewa habari za msiba. "Ndiyo maana unapigwa kila siku kwenye gemu. Unacheza na mkono ambao hujawahi kuongea nao."

Tumtendee haki. Mengi aliyosema yalikuwa ya kweli. Ni kweli mausi kubwa humchosha mwenye mkono mdogo, ni kweli nyepesi huenda haraka kuliko nzito, na ni kweli jicho la chini likiwa bovu mshale unarukaruka kwenye skrini kama panzi. Uongo wa Dokta ulikuwa mmoja tu, nao aliutumia mwishoni.

Alikuwa na mausi moja halisi. Nyeusi, nyepesi, yenye jicho kali, mausi ya mabingwa kweli. Mteja aliijaribu hiyo, akaona mshale unatii hata mawazo, akachanganyikiwa kwa furaha, akalipa. Hapo Dokta alisema, "Ngoja nikufungie vizuri," akainama chini ya meza, na kilichoingia kwenye boksi kilikuwa mausi ya ofisini iliyovalishwa ganda jeusi.

Magandani ndiko alikomwaga jasho lake. Aliyachonga kwa mkono, akayapaka rangi, akaongeza vipande vya madini ya risasi ndani mpaka mizani ikakataa kuona tofauti. Hata mkwaruzo mdogo uliokuwa ubavuni mwa ile halisi aliuiga kwenye kila moja. Kazi yenyewe ilikuwa safi mno, na siku moja nusura amfungie mteja ile halisi. Alitokwa na jasho. Kesho yake alipanda ghorofa ya kwanza, kwenye saluni ya kucha, akanunua kichupa cha rangi nyekundu, na tangu hapo mausi halisi ilikuwa na kitone chekundu tumboni. Kabla ya kufunga boksi aligeuza, akaangalia, akalala usingizi wa mtu mwema.

Siku ileile ya tangazo, Dokta alipanda ghorofani kwa mwenye ukumbi, mtu mnene mchangamfu ambaye alipenda vitu vizuri na kuchukia kuvilipia.

"Bosi, mimi sikuuzii mausi. Nakuuzia heshima. Mausi hii hii wanayotumia mabingwa, kwa bei ya kwako peke yako."

"Kwa nini yangu peke yangu?"

"Kwa sababu nyota yako imenivuta."

Mwenye ukumbi alikuwa akijiona mwenye nyota tangu utotoni, kwa hiyo hapo hakuona la kubisha. Alisema tu, "Njoo kesho jioni. Ukae mbele ya watu wangu, ucheze na yeyote atakayejitokeza. Ukishinda, nachukua za ukumbi mzima na naweka hela mezani hapohapo. Ukishindwa, usinijie tena."

Dokta alishuka ngazi akipiga mluzi. Kucheza alikuwa anajua, na mkononi alikuwa na mausi isiyokosea. Kwa mzigo ule angehama chini ya ngazi, akapata duka lenye dirisha, na pengine dari ya kusimama wima.

Asubuhi iliyofuata aliingia mwanamke mwenye pochi kubwa na kucha ndefu zilizochorwa maua. Alikuwa yule wa saluni ya juu, aliyemwuzia kile kichupa. Jengo zima lilimwita Dada wa Kucha.

"Dokta, namtafutia mtu zawadi. Anacheza gemu mpaka chakula kinapoa."

"Mchumba?"

"Mtu wa karibu sana," alijibu, akaangalia chini kwa haya.

Dokta alimpima mkono, ingawa mkono wenyewe haukuwa wa mchezaji. Hakuweza kujizuia; ilikuwa kama daktari wa meno anavyotazama watu wakicheka. Akamhubiria juu ya uzito, juu ya vitufe vya pembeni, juu ya mausi inayomtambua mwenyewe. Dada wa Kucha alisikiliza kwa mdomo wazi. Alijaribu ile halisi kwa ncha za kucha, akajifanya kuogopa mshale ulivyokimbia.

"Mamangu! Inaenda kama imetumwa. Ila mtu wangu anapenda rangi ya waridi. Huna?"

Dokta aligeukia kabati, akainama, akatafuta. Nyuma yake pochi ilifunguliwa na kufungwa.

"Za waridi zimeisha, dada."

"Basi ngoja nikashauriane na nyumbani. Asante kwa kunifungua macho."

Alipotoka, Dokta, ambaye hakumwamini hata mama yake mzazi mahali penye mausi ile, aliikamata na kuigeuza. Kitone chekundu kilikuwa palepale tumboni. Akacheka kwa kushuku bure, akaifunga kwa kitambaa laini, akaiweka mfukoni kwa ajili ya jioni. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Umeme chini ya ngazi hakupenda kuupoteza bure.

Jioni ukumbi ulijaa. Walikuwepo wanafunzi, vinyozi, mpishi aliyetoroka jiko akiwa bado na aproni, na mwenye ukumbi katikati amekaa kwenye kiti kilichokuwa kikilia kwa niaba yake. Dokta alitoa hotuba. Alizungumzia jicho, uzito na kiganja, akainua mausi juu kama mtoto aliyezaliwa baada ya kungojwa sana.

"Nani atacheza naye?" mwenye ukumbi akauliza.

"Mimi," sauti ikatoka nyuma.

Watu wakapisha. Dada wa Kucha alikuja amevaa koti la saluni, akaketi upande wa pili, akafungua pochi akatoa mausi nyeusi. Kisha, moja baada ya nyingine, akabandua zile kucha ndefu zenye maua, akazipanga pembeni ya kibodi. Chini yake palikuwa na kucha fupi zilizokatwa sawasawa, na vidole vilivyotulia kabisa. Dokta aliviangalia vidole vile. Huyo hakuwa mtu wa kununulia wengine zawadi.

Gemu ikaanza. Dokta alisukuma mausi mbele. Mtu wake kwenye skrini akasita, akatazama mbingu, kisha akatembea kwa utulivu na kugonga ukuta. Akavuta kulia, mtu wake akaruka kushoto. Akabofya apige, na mtu wake akachuchumaa kama aliyepotewa na kifungo.

"Anaswali?" mpishi akauliza.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Dada wa Kucha hakucheka. Mtu wake alizunguka kona, akaja kwa adabu, akammaliza. Wakaanza tena, akammaliza tena. Dokta aliigeuza mausi yake. Kitone kilikuwepo, chekundu, kimekaa kama kinamcheka.

"Dokta," mwenye ukumbi alisema polepole, "hizi ndizo ulitaka unijazie ukumbi?"

"Bosi, leo umeme una..."

"Mbona ya dada haina umeme mbaya? Dada, hiyo umeitoa wapi?"

Dada wa Kucha aliinamisha kichwa. "Kwa Dokta mwenyewe, bosi. Alinipima kiganja."

Hapo Dokta akapiga hesabu. Akisema ile ni yake, imeibwa, ataulizwa hii nyingine ya nani, na kwa nini zinafanana hadi mkwaruzo. Ukumbini kulikuwa na nyuso za watu aliowapima viganja, na baadhi yake zilikuwa zimeanza kufikiri. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaokota futi yake, akatoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Asubuhi alipanda saluni kabla wateja hawajaja. Dada wa Kucha alikuwa anafuta meza.

"Dada, tuongee kama watu wazima. Ile mausi ndiyo mkono wangu wa kulia. Bila ile sina kazi."

"Najua. Na ile niliyokuachia unaijua ni ya nani?"

"Ya nani?"

"Ya wifi yangu. Ulimpima, ukamsifia vidole, ukamwuzia. Alikuwa anataka kucheza mashindano haya, Dokta. Alipofika nyumbani alilia, akadhani tatizo ni mikono yake. Mikono yake!" Sasa Dada wa Kucha alikuwa amekasirika waziwazi. "Lakini wifi ana macho. Aliona ulivyogeuza mausi kutafuta kitone kabla ya kufunga. Akaniambia. Nikasema, huyu si yule mwanamume aliyenunua rangi nyekundu kwangu na kucha zake kavu? Basi na ya wifi nikaitia kitone."

Dokta akakaa kwenye kiti cha wateja. Kwa mara ya kwanza aliona jinsi kazi nzuri inavyoweza kumponza fundi wake.

"Unataka nini?"

"Hela ya wifi, yote. Na ile mausi yake weka hapa mezani. Tubadilishane."

Dokta alitoa hela, ikamuuma. Akaweka mausi ya wifi mezani. Dada wa Kucha akatoa ile halisi. Dokta hakukubali kwa macho tu. Aliichomeka kwenye kompyuta ya saluni, akaisukuma huku na huku, mshale ukaruka kama zamani. Karibu aibusu. Akaichomoa mwenyewe, akaishika kwa nguvu.

"Hebu lete huo mkono," Dada wa Kucha akasema ghafla. "Yesu wangu! Kucha gani hizi? Unapima watu viganja na wewe umezitafuna hivi?"

"Achana nazo."

"Mtu wa kazi ya mikono! Wateja wanakutazama vidole mchana kutwa. Kaa. Hii ni bure, ya amani."

Neno bure lilikuwa na nguvu kwa Dokta kuliko alivyopenda kukiri. Aliweka mausi mezani, palepale mbele yake, asiiondolee macho. Dada wa Kucha alikata, akasugua, akamwuliza mambo ya biashara kwa upole wa dada wa tumbo moja. Kisha, kabla hajakataa, akampaka kidole kidogo rangi nyekundu.

"Aa! Mimi mwanamume!"

"Ukumbusho tu. Usiguse kitu mpaka ikauke, utaharibu. Inua juu, ipulize. Si unaona inavyokupendeza?"

Dokta akainua kidole, akapuliza. Kusema kweli, kilimpendeza. Alikigeuza upande huu na upande ule kwenye mwanga wa dirisha.

"Ngoja nikufungie vizuri," Dada wa Kucha alisema, na mausi ikaingia kwenye mfuko, mfuko ukaningʼinizwa mkononi mwa Dokta kwa uangalifu mkubwa.

Alikuwa katikati ya ngazi maneno yale yalipomfikia. Akasimama. Akashuka mbio, akaingia kibandani, akachomeka mausi. Mshale ulisita, ukatazama mbingu, ukarukia pembeni na kukaa huko.

Hakupanda kugombana. Angegombana kuhusu nini? Alikuwa amerudisha hela ya mteja, na mteja amerudisha bidhaa. Biashara ya haki kama hiyo hakuwahi kuifanya maishani, na ilimwacha na homa.

Siku ya mashindano alibaki kibandani, mlango umefungwa, akisikia vishindo na makofi yakipita darini juu yake. Wakati mmoja ukumbi wote ulipiga kelele kwa pamoja, na mtu akashuka ngazi mbio akipayuka kwenye simu kwamba wifi wa Dada wa Kucha amechukua kikombe, kwamba hawajawahi kuona mikono kama ile. Dokta alisikiliza hadi sauti ikaisha. Alikumbuka alivyousifia mkono ule siku ile akiupima, na kwamba kwa bahati mbaya alikuwa amesema kweli.

Kesho yake mlango ukagongwa. Mteja mpya, kijana mwenye kofia, anataka mausi ya gemu. Dokta akanyoosha futi kwa mazoea. Mteja akakitazama kile kidole chekundu.

"Na hiyo ni ya nini, Dokta?"

Dokta hakupepesa. "Hii? Inapunguza mtetemo wa mkono. Mabingwa wote wanapaka. Hukuwaona jana?"

Mteja aliutazama mkono wake mwenyewe kwa wasiwasi. "Na mimi nataka. Unaniuzia kiasi gani?"

Moyo wa Dokta ukachangamka, kisha ukazama. Kichupa chake kilikuwa kimekauka, na katika jengo zima rangi nyekundu ilikuwa inauzwa mahali pamoja tu.

"Nisubiri hapa," alisema, akaanza kupanda ngazi.