Mwanamume Aliyekatazwa Ngamia

Jumatatu, 3 Novemba

Maharagwe tena! Ebla, mke wangu, anatoka ofisi ya kaunti jioni. Mimi nafunga duka langu la magodoro hapa Iftin jua likizama. Muda wa mapishi mawili haupo, basi ni sufuria moja kwa wote. Na sufuria hiyo inamfuata binti yetu Timiro, miaka sita, ambaye akionja yai au maziwa ya ng'ombe huvimba midomo mpaka tunakimbilia hospitali. Kwa hilo sina ubishi. Lakini nyama haimdhuru! Nimemweleza Ebla. Amesema ngamia wa kuiva kwa nusu saa bado hajazaliwa.

Nimepata wazo. Kwa nini Timiro peke yake ndiye apikiwe kwa kuangaliwa?

Jumanne, 4 Novemba

Nimekula vijiko viwili, nikaanza kujikuna shingo. Nikasema koo linabana. Nikasema, kwa unyonge kabisa, kwamba huenda aleji ya mtoto ilitoka kwangu na kwamba adui yangu ni maharagwe. Nikaongeza kuwa nyama ya ngamia haijawahi kunidhuru. Ebla alinitazama sana. Hakucheka. Ushindi!

Jambo moja sikulitarajia. Timiro aliruka kutoka mkekani, akanikumbatia mimi baba yake.

"Aabo, sasa tuko wawili," akasema.

Nikaona furaha na haya kwa pamoja. Haya ikapita.

Jumatano, 5 Novemba

Balaa. Ebla atanifanyia kama daktari alivyomfanyia Timiro: kuondoa vyakula vyote, kisha kurudisha kimoja kimoja na kutazama. Nimebaki na wali mweupe na malenge. Nyama itarudi ya mwisho. Nimeuliza mwisho ni lini. Amesema haraka haraka haina baraka.

Na Ijumaa ni karamu ya kumpa jina mtoto wa Abdirizak, kaka yake Ebla! Atachinja ngamia mzima.

Timiro amejipa kazi ya kulinda sahani yangu. Ananusa kila kijiko kabla sijakitia mdomoni. Abdirizak alipita, akatazama malenge, akauliza tangu lini mwana wa wafugaji wa Hadado anakula chakula cha sungura. Shemeji huyu simpendi.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika nimekaa upande mmoja. Wamenidunga sindano.

Ilikuwa hivi. Baada ya swala watu wamejaa kwa Abdirizak, masinia yanapita, mimi na kibakuli changu cha malenge. Harufu ikanishinda. Nikachukua pande la nundu, nikajificha nyuma ya tangi la maji, nikatia lote mdomoni. Wallahi, nusura nilie! Nilipofumbua macho, Timiro alikuwa amesimama mbele yangu.

Hakukasirika. Alinikagua midomo, juu na chini.

"Aabo, hujavimba," akasema polepole. "Kumbe mtu akila kwa kujificha havimbi."

Hapo hapo akachukua kikombe cha chai ya maziwa ambacho mtu alikiacha juu ya jiwe, akakiinua.

Mdomo wangu umejaa nundu. Sauti haitoki. Sijawahi kuogopa vile maishani. Nikafanya kitu pekee ninachokijua: nikaanguka. Nikajikuna, nikagaagaa mchangani, nikatoa macho, nikakoroma. Kikombe kikamponyoka, chai ikamwagika yote, naye akakimbia akiita watu. Wazee wakanisomea dua. Kina mama wakanimwagia ndoo ya maji. Vijana wakanibeba mpaka kliniki, na huko sindano. Abdirizak alitangazia karamu nzima kwamba shemeji yake amekatazwa ngamia. Kisha, naambiwa, akala fungu langu.

Jumamosi, 8 Novemba

Habari imefika Hadado. Mjomba amepiga simu kutoka Banissa kunipa pole ya msiba. Dukani mteja ameniuliza kama magodoro nayo yananiwasha.

Alasiri Ebla, ambaye Timiro alikuwa amemsimulia yote, hata kikombe cha chai, aliketi karibu nami.

"Ya maharagwe ulidanganya," akasema. "Ya jana pia ulidanganya. Lakini kwa ya jana, Mungu akulipe."

Macho yalinilowa, na safari hii sikuigiza. Kisha akatoa hukumu: hakuna ngamia kwangu, nyumbani wala karamuni, mpaka Timiro awe mkubwa wa kutosha kuelewa, kwa sababu akiniona nakula salama ataijaribu chai tena. Nimekubali. Nimeapa pia kwamba sitasingizia chakula tena mpaka niingie kaburini.

Jumatatu, 10 Novemba

Kiapo nimekishika. Sabuni si chakula.

Zamu ya kuosha sufuria ilinifikia, na maharagwe yalikuwa yameungua chini. Nikaonyesha viganja. Nikasema vinawasha, bila shaka ni sabuni. Timiro akanipa pole, akaenda kumwambia mama yake. Ebla hakubisha hata kidogo. Amesema tutafuata njia ya daktari: kuondoa kila kitu kinachogusa mikono yangu, kisha kurudisha kimoja kimoja na kutazama.

Sufuria nimeiosha kwa majivu. Simu yangu imefungiwa kabatini. Kesho inaondolewa kalamu.